Pembe ya kupuliza ya Kiviking: chukua ile ambayo ncha yake haijakatwa

Karibuni watazamaji. Mezani kuna pembe mbili za ng'ombe. Hii ya kulia imeuzwa ikiwa tayari: imeng'arishwa, imechorwa, ina mkanda. Hii ya kushoto ni ya seti ya kujitengenezea: pembe iliyochemshwa na kutolewa mfupa wa ndani, sentimita 42 ukiipima kwa kamba kufuata mgongo wake, ncha ikiwa nzima, pamoja na ugwe wa ngozi, donge la nta na karatasi ya michoro.

Anayetaka pembe inayolia, achukue ya kushoto. Sikilizeni ya kulia kwanza. Ni upepo tu. Tazameni sababu: tundu la nchani lina upana wa milimita 11 na limetobolewa moja kwa moja, hakuna kikombe cha kukalia midomo. Sauti ya pembe inazaliwa na midomo inayotetemeka, kwa hiyo midomo isipopata ukingo wa kuegemea, hewa inapita bure. Na kwa kuwa ncha imeshakatwa fupi mno, hakuna nyama iliyobaki ya kuchonga kikombe. Kosa hilo halitengenezeki.

Wengi wetu tunaijua siwa ya Lamu na ile ya Pate, ambazo hupulizwa ubavuni. Hii ya Waviking, watu wa kale wa Skandinavia, hupulizwa nchani, kama Gjallarhorn, pembe ya Heimdall, mlinzi wa miungu katika masimulizi yaliyoandikwa Iceland karne ya 13. Basi ncha ndiyo kazi yenyewe, na mapambo yangoje. Biti ya keekee ikitokea ubavuni baada ya wewe kuchonga nakshi siku tatu, umepoteza vyote viwili.

Anza kwa kujua uwazi wa ndani unaishia wapi. Ingiza waya laini kutokea mdomo mpana, ufuate ukuta wa nje mpaka ugote. Weka alama, utoe, uulaze juu ya mgongo wa pembe. Kwenye hii umefika sentimita 34, maana yake sentimita 8 za nchani ni pembe tupu isiyo na uwazi. Usikate zote. Kata pale ambapo unene umefika milimita 23 au 24, na hakikisha panabaki sentimita 3 hivi imara kabla ya uwazi. Hapa nimekata sentimita 5. Msumeno wa meno madogo, wa kukatia chuma, unafaa zaidi kwa sababu meno makubwa yanang'oa vipande ukingoni.

Sasa kutoboa. Pembe imepinda, biti haipindi, na hapo ndipo nyingi zinapoharibika. Chora mistari miwili kwa penseli, mmoja juu na mmoja ubavuni, kutoka katikati ya mkato hadi pale uwazi ulipoishia, kisha ulenge keekee kwa mistari hiyo. Usifuate mkunjo wa nje. Funga pembe kwenye jiliwa ukiwa umeizungushia kitambaa, anza na biti ya milimita 3, halafu 5. Kila baada ya milimita chache itoe biti, uifute. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, umeshapasha moto kupita kiasi. Pembe ni keratini, kitu kile kile cha nywele na kucha, na ikiungua inakuwa dhaifu na kupasuka. Vumbi lake ni baya kwa mapafu. Vaa barakoa nzuri ya vumbi na usugue kwa msasa wa maji kila inapowezekana.

Kikombe: upana milimita 17, kina milimita 8 hadi 10, kikishuka taratibu hadi tundu la milimita 5. Tumia biti yenye kichwa cha mviringo, umalizie kwa msasa uliozungushiwa kijiti chenye ncha butu. Ukingo ubaki na unene wa milimita 3 kila upande, uuzungushe usiwe na kona, msasa 240, 400, kisha 600. Ukingo mkali unakata mdomo, na mpulizaji ataulaumu mdomo wake bure. Jaribu kila baada ya kuchimba kidogo. Sikilizeni hii sasa. Noti moja nzito iliyo wazi, na ukikaza midomo inapanda ya pili. Kwa urefu huu usitarajie wimbo. Kama sauti inakwama, ziba mdomo mpana kwa kiganja kilicholowa na uvute hewa kwa ncha: kikivutika na kushika, hakuna tundu linalovuja.

Sasa nakshi, na hapa karatasi ya michoro iliyo ndani ya seti inanisikitisha. Imeleta herufi 24 za runi, maandishi ya kale ya Skandinavia, na kuziita za Kiviking. Hizo 24 ni za kale zaidi. Enzi ya Waviking walitumia 16. Hazina e, o, d, g wala p za peke yake, kwa hiyo i ilibeba e, b ikabeba p, t ikabeba d, u ikabeba o. Jina Pendo litachongwa b-i-n-t-u, au hata b-i-t-u, maana n iliyotangulia t mara nyingi iliachwa. Nunua seti, karatasi hiyo iweke kando.

Kwa mara ya kwanza chagueni mnyororo wa pete wa mtindo wa Borre, unaozunguka pembe kama bangili. Mtindo wa Urnes, wa mnyama mwembamba anayejikunja kama namba 8, unapendeza sana lakini mstari mmoja ukiteleza unaonekana. Pima mzunguko kabla ya kuchora. Hapa karibu na mdomo mpana ni sentimita 21, nikagawa pete 7 za sentimita 3. Asiyegawa hukuta pete ya mwisho haitoshi nafasi. Kupata duara lililonyooka, vika mpira wa kufungia noti na ufuate kwa penseli.

Washa tochi ya simu, uitie ndani. Mnaona pale inapong'aa rangi ya asali? Hapo ukuta ni mwembamba, usichonge zaidi ya nusu milimita. Penye giza unaweza kufika milimita moja, ila kwenye pembe nyeusi tochi haisaidii, pima ukuta kwa vidole na uchonge kwa mkono mwepesi. Mistari ikishakamilika, changanya masizi na nta iliyoyeyushwa, ipakae, iache igande, kisha ikwangue kwa kadi ya plastiki. Nta inabaki ndani ya mistari peke yake.

Nje malizia kwa nta, ukisugua kwa kitambaa hadi ipate joto la mkono. Ndani haihitaji kitu, hii si ya kunywea. Ugwe ufungwe sehemu mbili, nyuma ya kikombe na chini ya nakshi, bila kutoboa pembe. Ining'inizwe mbali na jua na jiko, mdomo mpana ukiangalia chini ili mate yakauke.