Kitufe cha Word cha kukagua barua za wapangaji: nyota tatu kati ya tano

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, Kirinyaga Road, Nairobi, juu ya duka la vipuri. Tunasimamia nyumba za kupangisha Umoja na Kayole, pamoja na maduka machache Eastleigh. Barua zaidi ya mia mbili hutoka hapa kila mwezi, na karani ni mmoja tu, mimi. Kiolezo ni kimoja cha Word. Jina, namba ya nyumba na kodi huchotwa kwenye jedwali la Excel. Kiolezo kikikosea, basi kimekosea mara mia mbili.

Kitufe chenyewe, Check for Errors, kiko kwenye kichupo cha Mailings, jirani na kile cha kumalizia kazi, Finish & Merge. Mwenye haraka abonyeze Alt+Shift+K. Hapo utapewa njia tatu: kujaribu tu na kuandikiwa makosa kwenye waraka mpya, kutoa barua huku kikisimama kila kinapokwama, au kutoa zote kwa mpigo na kupata ripoti. Mimi natumia ya kwanza. Haitoi barua yoyote, na humaliza kabla sijamimina chai.

Makosa ya majina ya safu kinayakamata barabara. Mwezi wa Machi kijana wa mahesabu alibadilisha kichwa cha safu ya Kodi kikawa Kodi_Mpya, wala hakunong'ona. Kitufe kikagoma papo hapo, kikasema barua inaitisha safu ambayo haipo, kikanitaka niiondoe au nichague nyingine. Kwa hilo pekee nimekipa nyota mbili.

Shida ni kwamba kinafanya kazi kama askari wa geti anayepitisha kioo chini ya gari bila kufungua buti. Mwezi wa Juni niliandaa ilani za kodi mpya kwa wenye maduka, ianze tarehe 1 Septemba 2025. Maduka yanalindwa na Sura ya 301 ya sheria zetu, ile ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa. Mpangaji hupewa si chini ya miezi miwili tangu apokee ilani, kwa hiyo tarehe si pambo. Nikakagua, nikaambiwa hakuna kosa. Nikatoa, nikatuma. Kesho yake simu: "Dada, kodi ilipanda tarehe tisa Januari na sisi tumelala?"

Kwenye Excel ilikuwa 01/09/2025, kwenye barua ikatoka 9/1/2025, mwezi ukitangulia kama wanavyoandika Marekani. Kosa ni langu, sikufungua hata barua moja kuisoma. Dawa yake ni kubonyeza Alt+F9 ili uone msimbo ulio nyuma ya sehemu ile ya tarehe, kisha kuongeza \@ "d/MM/yyyy" kabla ya mabano kufungwa. Na hiyo MM iwe herufi kubwa, tafadhali. Mara ya kwanza niliandika ndogo, Word ikaelewa dakika, nikapata 1/00/2025. Kodi nayo inataka \# "#,##0", la sivyo 18,500 inatoka bila mkato, na mpangaji mzee anahesabu sifuri kwa kidole. Kitufe hakisemi lolote kuhusu haya, kwa sababu kwake 9/1 ni tarehe halali na 18500 ni namba halali.

Nyota ya tatu nimeitoa kwa sababu hakuna cha ziada cha kununua, kimo humohumo ndani ya Word. Nyumba zako zikiwa kumi, usijisumbue, soma barua zote.

Siku hizi baada ya kukagua nachapisha barua tatu: ya kwanza, ya mwisho, na ya mpangaji mwenye jina refu kuliko wote. Nampa mzee wa mapokezi azisome kwa sauti, maana jicho langu limeshazoea. Juzi alifika ya tatu akasimama, akashusha miwani.

"Binti yangu, nyumba namba sifuri iko ploti gani?"

Ilikuwa 7B. Kwenye Excel, nyumba zote za mwanzo katika safu ya namba za nyumba zilikuwa namba tupu, basi Word ikaichukulia safu nzima kuwa ya namba, na yenye herufi ikatoka sifuri. Ripoti ya kukagua ilikuwa bado wazi kwenye skrini: hakuna kosa.