Usiku mmoja kwenye hema, theluji ya Rwenzori: vifaa nilivyokodi

Nilikodi vifaa ili nilale peke yangu usiku mmoja kwenye theluji ya mlima Rwenzori, Uganda. Nianze na begi la kulalia, kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi. Mfuko wake una namba moja kubwa nyekundu: -10. Kijana aliyenikodishia pale Kasese aliniambia, "Mama, na hili hata Ulaya wanalala." Nikatoa shilingi elfu 25 kwa usiku, pamoja na amana ya elfu 100. Kipimajoto changu kidogo, nilichokitundika kwa uzi ndani ya hema, kilisoma nyuzi 4 chini ya sifuri saa kumi alfajiri. Kwa hesabu ya ile namba nyekundu nilipaswa kuwa nimelala fofofo. Nilitetemeka tangu saa saba usiku mpaka kukapambazuka.

Niliporudi nyumbani nililigeuza begi ndani nje, nikakuta kitambaa kidogo kimeshonwa kwenye mshono wa miguuni. Hapo kuna namba tatu: 8, 4 na -10. Wanaotengeneza mabegi haya hupima viwango vitatu. Cha kwanza ni joto ambalo mwanamke wa kawaida analala kwa raha. Cha pili ni cha mwanaume aliyejikunja, anayeweza kupata usingizi wake bila kuamshwa na baridi. Cha tatu ni cha kunusurika tu: mwanamke anaweza kukaa humo saa sita asife kwa baridi, lakini vidole vyake vinaweza kuungua kwa barafu. Namba waliyoiandika kwa rangi nyekundu ni ile ya tatu. Mimi ni mwanamke, namba yangu ni 8. Hilo limeniuma kuliko baridi yenyewe, kwa kuwa kuna watu watakaolikodi begi lile baada yangu na kulipandisha mlimani wakiamini wamejikinga.

Nimekulia Kasese, chini ya mlima wenyewe. Bibi yangu aliita theluji nzururu, neno lililomo ndani ya jina la ufalme wetu wa Rwenzururu, na nilikuwa nimefikisha miaka 41 sijawahi kuigusa. Biashara yangu ya vitenge iko Mpondwe mpakani, na mwaka huu niliamua kufunga duka kwa siku nane. Nikapanda kwa njia ya Kilembe, mwanzoni mwa Machi, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Mwezi huo mwongozaji hakuupenda. Anapendelea Januari au Julai, njia ikiwa kavu kidogo. Lakini huko juu mvua ya masika hushuka ikiwa nyeupe, na nyeupe ndiyo niliyoifuata.

Kulala peke yangu maana yake ni hema langu mwenyewe, hatua kama arobaini kutoka kwa wenzangu. Sheria ya hifadhi haimruhusu mtu kupanda bila mwongozaji, na ni sheria nzuri. Ukungu wa kule unafuta njia ndani ya dakika chache, na kichwa kikianza kugonga kwa sababu ya kimo unahitaji mtu wa kukuambia ushuke. Usiku nyingine nililala kwenye vibanda vya kambi. Usiku wa hema niliuwekea kambi ya Margherita, mita 4,485, katikati ya miamba mikubwa, siku ya tano ya safari. Kabla ya hapo ni matope. Kodi gambuti, usibishane na mtu. Viatu vya mlimani vya bei kubwa nilivyoviona kwa mgeni mmoja vilijaa maji siku ya tatu.

Hema nalisifu bila kusita. Ni la watu wawili, lina tabaka mbili na fito za aluminiamu, na uzito wake mpagazi hakuulalamikia. Tatizo lilikuwa ardhi: jiwe tupu, vigingi havishiki. Mzee wetu mwongozaji alichuchumaa akanionyesha. Unaweka jiwe dogo ndani ya kitanzi cha kamba, kisha unaliegemeza nyuma ya jiwe kubwa, upande wa mbali na hema. Kamba ikivutwa, jiwe dogo linabanwa na kubwa linakaa palepale. "Ukifunga kamba kwenye jiwe kubwa lenyewe, mwanangu, itasagika usiku," alisema. Tulifunga nane. Upepo ulikuja, hakuna hata moja iliyolegea.

Mvua ilipiga turubai tangu magharibi. Mnamo saa tatu usiku kukawa kimya ghafla, nikadhani imekata. Nikafungua zipu, nikamulika tochi ya kichwani: punje nyeupe zinashuka bila sauti, na gambuti nilizoziacha mlangoni tayari zina kofia nyeupe. Nilinyoosha mkono nikaacha zitue kwenye kitenge nilichojifunga kiganjani. Zilikaa juu ya nyuzi za kitambaa, kila moja na miguu yake midogo sita, halafu zikawa maji. Nililia kidogo. Bibi hakuwahi kufika huku.

Ndani ya hema, pumzi yangu iligeuka unga wa barafu kwenye ukuta wa ndani, na nilipojigeuza ulininyeshea usoni. Hapo kosa ni langu, nilikuwa nimefunga madirisha ya juu nikidhani natunza joto. Yaache wazi kiganja kimoja. Theluji ikilemea paa, piga ukuta kwa nyuma ya mkono kutoka ndani, inateleza yenyewe. Alfajiri zipu iliganda, nikaipulizia pumzi mpaka ikaachia.

Godoro la povu nililopewa lilikuwa jembamba, unene wa kidole kidogo. Nadhani lilichangia baridi yangu karibu sawa na begi, kwa sababu manyoya ya begi yakilaliwa hubanwa na kuishiwa hewa, na hewa ndiyo inayotunza joto. Chini yako linabaki godoro tu na jiwe. Ubavu wangu wa kulia ulikuwa kama umeegemea friji. Saa nane usiku nililaza chini yangu koti la mvua, begi tupu la mgongoni na vitenge viwili, nikapata nafuu ya kweli. Ukikodi, omba magodoro mawili. Wana mengi, na wapagazi hawaoni uzito wake.

Jiko la gesi lilifanya kazi, japo kwa kulazimisha. Gesi hujipoza yenyewe inapotoka mtungini, hivyo penye baridi moto unapungua mtungi ukiwa bado una gesi. Nilikuwa nautoa na kuukumbatia ndani ya koti, kisha naurudisha. Kwenye kimo kile maji yanachemka kwenye nyuzi kama 85, kwa hiyo usipande na maharage. Uji na chai vinatosha. Nilijaza chupa ya chuma maji ya moto, nikaivisha soksi, nikaiweka kati ya mapaja. Ilinifikisha saa saba.

Kurudisha vifaa hakukuwa na shida, amana nimepewa yote. Nilimwonyesha kijana ile lebo ya ndani, naye alisema kwa unyofu kwamba hakuwahi kuiona, mabegi yalimfikia mitumba yakiwa na mifuko yake. Nilimwomba aifute ile namba nyekundu. Akaniahidi. Nitapita wiki ijayo nikienda sokoni, niangalie.

Hema lilelile nimelishika kwa Julai. Begi natafuta langu, lenye namba ya kwanza -5 au chini ya hapo.