Bioguide: daftari la wasifu wa Kongresi ya Marekani, kwa kipimo cha Shirley Chisholm

Anayeandika wasifu wa mwanasiasa wa Marekani hana budi kupitia Bioguide, daftari rasmi la mtandaoni la waliowahi kukaa kwenye Kongresi tangu 1774. Ni la bure. Kwa tarehe ni zuri mno, ila kwa maisha yenyewe ni bahili kupindukia. Shirley Chisholm wa Brooklyn anafaa kulipima, maana alipitia bunge la jimbo la New York, akaingia Baraza la Wawakilishi, na mwaka 1972 akawania tiketi ya urais ya chama cha Democratic.

Tafuta kwa jina la ukoo, kisha chuja kwa jimbo. Ukishampata, nakili namba yake, C000371: herufi ya kwanza ya jina la ukoo na tarakimu sita. Itakuokoa unapofuatilia kina Johnson, ambao Kongresi imewahi kuwa nao utitiri.

Kinachowakwaza wengi ni namba za Kongresi, yaani za vipindi vyake. Chisholm alichaguliwa katika Kongresi ya 91 na nyingine sita zilizofuata. Zidisha namba kwa 2, jumlisha 1787: 91 inakupa 1969, mwaka aliokaa kitini. Uchaguzi wenyewe ulikuwa Novemba 1968, alipombwaga James Farmer, na hapo ndipo waandishi huchanganya mwaka wa kuchaguliwa na wa kuapishwa. Kosa hilohilo huwapata kwenye bunge la jimbo: alishinda mwishoni mwa 1964, akaanza kazi 1965. Ya saba kwake, yaani ya 97, ilianza 1981, na kwa kuwa kila Kongresi ni miaka miwili, aliondoka tarehe 3 Januari 1983. Kwa wanasiasa wa kabla ya 1935 hesabu ya mwaka ni ileile, ila muhula ulianza 4 Machi.

Udhaifu mkubwa uko kwenye siasa za majimbo. Miaka ya Chisholm huko Albany, makao ya bunge la jimbo la New York, imebanwa kwenye kipande cha sentensi, wakati ndiko aliposukuma mpango wa SEEK, uliowafungulia vijana wa familia maskini mlango wa vyuo vya umma. Wala hutapata humo kisa cha kamati za Baraza la Wawakilishi: mwakilishi wa Bedford-Stuyvesant, mtaa wa Brooklyn, katikati ya jiji, alipangiwa Kamati ya Kilimo, akagoma hadharani, akahamishiwa Kamati ya Masuala ya Maveterani. Bila kisa hicho hutaelewa kwa nini kuingia kwake Kamati ya Kanuni mwaka 1977 lilikuwa jambo kubwa. Kamati hiyo ndiyo huamua muswada ujadiliwe vipi, na kwa saa ngapi. Kwa habari za namna hii hamia tovuti ya historia ya Baraza la Wawakilishi, yenye wasifu mrefu.

Hotuba nazo hazimo. Nenda kwenye Congressional Record, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Kongresi, ukiwa na tarehe mkononi. Hotuba yake ya kutetea marekebisho ya katiba kuhusu usawa wa wanawake ni ya 10 Agosti 1970, juzuu la 116. Kwa idadi ya kura za majimboni, ofisi ya Karani wa Baraza imeweka takwimu za uchaguzi kuanzia 1920.

Sehemu inayopuuzwa, na kwa maoni yetu ndiyo bora, ni ya makusanyo ya nyaraka. Inakuonyesha maktaba zilizohifadhi karatasi za mhusika. Mtu angedhani za Chisholm zote ziko Brooklyn, kumbe nyingine ziko Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey.

Asiyewahi kukaa Kongresi usimtafute humu. George Wallace, gavana wa Alabama ambaye Chisholm alimtembelea hospitalini 1972 baada ya kupigwa risasi, hana ukurasa, ingawa aligombea urais mara nne. Wa aina yake watafutwe kwenye hifadhi za nyaraka za majimbo yao.