Nimepima injini ya Grande kabla ya kufunga supachaja, gereji wakanikatalia na bado nawapa nyota nne

Wadau habari zenu. Nimechelewa kuleta mrejesho ila leo nimetulia, acha niandike vizuri maana kuna watu waliniuliza nimefikia wapi na ile supachaja, yani pampu ya kusukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu. Kifupi haijafungwa. Iko chumbani imefunikwa na khanga, na hedi (kichwa cha injini) ya gari yangu iko mezani kwa fundi, na nashukuru sana imekuwa hivo. Hela niliyolipa kupimiwa injini ndo hela nzuri kuliko zote nilizowahi kutumia kwenye hii gari, ngoja nieleze kwanini.

Gari ni Toyota Mark II Grande, GX110 ya 2001, injini 1G-FE ya VVT-i, silinda sita, cc 1988, dashibodi inasoma kilomita laki mbili na kumi na nne elfu kama haijachezewa. Supachaja ni SC14, ile ya Toyota wenyewe iliyokuwa inakuja na injini ya 1G-GZE kwenye Crown za miaka ya 80, nimeiokota kwa wauza spea used pale mtaa wa Gerezani, Dar. Inazungushwa na belti na ina klachi ya sumaku kama ya kompresa ya AC, ikizunguka mara moja inasukuma hewa lita 1.4. Kitu kizuri, kizito, kinavutia ukikishika.

Sa mimi nilianzia kwa fundi mwingine, simtaji. Yule akawasha gari, akafungua kifuniko cha oili akaweka kiganja juu, akapiga resi mara mbili akaniambia mashine iko tamu kaka, lete advansi kesho tunafunga. Basi. Hakutoa hata plagi moja. Nilikaribia kutoa hela kwakweli maana nilikuwa na hamu, ila usiku nikakosa usingizi nikasema ngoja nipate mtu wa pili.

Huyu wa pili ni gereji ya Ilala ndani ndani, jina siliweki hapa, anayetaka aje inboksi nimuelekeze. Nimefika na supachaja kwenye buti, mzee mwenye gereji wala hakuiangalia, swali lake la kwanza likawa "hii injini inabana ngapi?" Nikamwambia mzee wangu sijui. Akasema basi tusiongelee supachaja leo, tuongelee injini. Hapo tu nikamuamini.

Akanielezea kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. 1G-GZE ilitoka kiwandani na kompresheni (jinsi pistoni inavyobana hewa) ya 8 kwa 1 kwasababu walijua itasukumiwa hewa, hii 1G-FE yangu ni 10 kwa 1. Ukiipa busti, ile presha ya hewa inayosukumwa na supachaja, ya psi 6 tu ukipiga hesabu ni kama unaendesha injini ya 14 kwa 1, na hiyo supachaja ya zamani inapasha hewa moto, na joto letu la Dar la mwezi wa kwanza mnalijua wenyewe. Kwahiyo petroli inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, pistoni inagongwa kutoka juu, ringi zinazoziba pembeni ya pistoni zinakatika. Injini nzima inaweza kuvumilia busti ndogo kama mafuta na taiming (muda wa plagi kuwaka) viko sawa, ila injini yenye ugonjwa mdogo ule ugonjwa unakuwa mkubwa ndani ya wiki. Nikasema sawa mzee, pima.

Kipimo cha kwanza kompresheni. Walifanya kwa utaratibu na nilisimama pembeni kuangalia kila kitu. Injini ikiwa ya moto, plagi zote sita zimetoka, fyuzi ya EFI imetolewa ili petroli isimwagike ndani, koili zimechomolewa, mtu mmoja amekanyaga mafuta mpaka mwisho ili hewa iingie yote, na wakaunganisha betri ya pili maana betri ikichoka stata inazunguka pole na namba zinatoka uongo. Namba zikaja hivi, silinda ya kwanza 175, ya pili 178, ya tatu 172, ya nne 176, ya tano 148, ya sita 174. Zote psi. Hapo hata mimi nisiye fundi nikaona. Tofauti ya asilimia kumi unaweza kuishi nayo, ila ile ya tano ilikuwa imeshuka zaidi ya kumi na tano.

Na gari ilikuwa haionyeshi chochote jamani! Inawaka vizuri, haitoi moshi, sailensa (resi ya chini bila kukanyaga mafuta) imetulia, taa ya cheki injini haiwaki. Yule fundi wa kiganja asingeijua hata angeisikiliza wiki nzima.

Wakaweka oili kijiko kimoja kwenye ile silinda ya tano wakapima tena, ikasoma 151. Mzee akasema ingekuwa ringi ingepanda sana kwasababu oili inaziba ile njia pembeni ya pistoni, haijapanda maana yake upepo unatokea juu, valvu au gasketi. Ndo wakaleta kipimo cha pili, cha upepo unaovuja, ambacho mimi naona ndo mfalme wa vipimo vyote na gereji nyingi hawana. Kina geji mbili, unaipandisha pistoni mpaka juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, unaingiza upepo wa kompresa psi 100, geji ya pili inakwambia umebaki kiasi gani. Silinda nyingine zilikuwa zinapoteza kati ya asilimia 7 na 11, ya tano ikapoteza 28. Halafu unasikiliza. Upepo ukilia kwenye kifuniko cha oili ni ringi, ukilia kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, ukiona mapovu kwenye rejeta ni hedi gasketi. Wangu ulikuwa unalia kwenye ekzosi, yani valvu ya kutolea moshi, akaniita, "kaka hebu weka sikio hapa", niliusikia kabisa ssssss, nikaishiwa nguvu kidogo.

Akaniuliza gari hii imewahi kufungwa gesi? Nikakumbuka kwenye buti kuna alama za bolti na tundu zimezibwa, mwenye gari wa kwanza aliwahi kuweka mtungi wa CNG (gesi asilia). Akasema anahisi ni hapo, gesi ni kavu na siti za valvu za injini isiyoandaliwa zinakula taratibu, uwazi wa valvu unapungua mpaka haikai sawasawa, ya ekzosi inaanza kuungua. Hakusema ni lazima iwe hivyo, alisema tutajua tukifungua. Nilipenda hapo pia, mtu anatenganisha anachokijua na anachokihisi.

Presha ya oili walitoa ile swichi ya oili wakafunga geji ya mkono. Ya moto kwenye sailensa psi 18, kwenye resi elfu tatu psi 52. Hiyo nzuri, wengi wanahesabu psi 10 kwa kila resi elfu moja, kwahiyo bearingi za chini zipo vizuri na hili ndo lilinipa moyo maana chini ikiwa imekufa hakuna mjadala unatafuta injini nyingine.

Upande wa maji ndo nimeona aibu ya mafundi wetu. Thamostati, kile kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, haipo! Imetolewa na mtu huko nyuma, na ndani kuna maji ya bomba yana rangi ya chai. Hii tabia ya kutoa thamostati eti kwetu joto kali hatuihitaji imetuharibia magari mengi sana, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ya baridi inaendelea kumwaga mafuta, oili inachafuka, ringi na silinda zinalika. Naomba mtu yeyote anayesoma hii kesho aangalie gari yake. Hedi gasketi yenyewe ilionekana nzima kwenye upepo, ila ile dawa ya bluu ya kuweka juu ya rejeta inayogeuka njano ikinusa moshi wa injini ilikuwa imewaishia, nikarudi tena Jumamosi. Ilibaki bluu.

Mwisho wakasoma data kwenye kompyuta. Hizi Toyota za Japani za miaka ile vile vidude vya bluetooth vya bei rahisi mara nyingi havikubali kuunganika, changu kilikataa, wao wana mashine yenyewe. Gari ilikuwa inaongeza mafuta asilimia 14 kujisahihisha, maana yake inaona hewa nyingi petroli kidogo. Wakasafisha sensa ya hewa na spreya yake, wakaiendesha, ikashuka mpaka 5. Mzee akasema ungefunga busti na ile 14 ungetoboa pistoni, maana chini ya busti ndo injini inahitaji petroli zaidi na wewe tayari ulikuwa na njaa. Presha ya pampu ya petroli walipima ikawa sawa. Nozeli zinazopulizia petroli hawakupima kwasababu hawana mashine ya nozeli, na hapo nawatoa alama, kama unahudumia watu wa kuongeza nguvu hiyo mashine ni ya lazima au uwe na mtu unayempelekea.

Mengine ya kulalamikia, niliambiwa nije saa mbili gari ikashikwa saa tano. Hakuna sehemu ya kukaa, nimesimama juani na mama mmoja aliyekuwa na mtoto, hiyo sio sawa kabisa, benchi na turubai haviwashindi. Karatasi ya majibu imeandikwa kwa mkono, namba zipo zote ila mwandiko nilimuomba kijana anisomee nikaandika upya kwenye simu. Kamera yao ya kuchungulia ndani ya silinda picha yake hafifu, niliona juu ya pistoni kuna masizi basi, kuta za silinda sikuona kitu.

Bei nimelipa laki na ishirini kwa kila kitu pamoja na kurudi Jumamosi. Kufungua hedi, kusaga valvu, gasketi mpya, sili za valvu, taiming belti kwasababu imeshafunguliwa, thamostati na kulanti ya kueleweka, wamenipigia laki sita na themanini spea ndani yake. Wangeweza kufunga supachaja yangu wakala hela yao ya ufundi nikaondoka nacheka, hawakufanya hivo.

Juzi wamenitumia picha ya valvu ya ekzosi ya silinda ya tano, ukingoni imeungua upande mmoja kama karatasi iliyoguswa na moto. Mzee kasema injini ikirudi niitembelee kilomita elfu moja kwanza, halafu apime tena zote sita, na namba zikikaribiana ndo niende na supachaja, tena tuanze na psi 4 na tutafute mtu wa kuchezea kompyuta kabla ya kukaza hata bolti moja. Nitaleta namba mpya hapa hapa zikitoka.