Mbio za baiskeli mtaani: mzunguko mfupi au njia ndefu?

Kwa gharama, mzunguko wa kilomita 1 hadi 3 unashinda: vizuizi vichache, wasimamizi wachache, na gari la wagonjwa hufika popote upesi. Ila kona zilezile hurudiwa kwa kasi, kundi likiwa limebanana; mvua ikinyesha, rangi ya kivuko cha waenda kwa miguu huteleza vibaya. Na wakazi waliozingirwa? Magari yao hayatoki mpaka mbio ziishe, labda kuwe na upenyo wenye msimamizi.

Njia ndefu hufunga kila mtaa kwa muda mfupi tu, lakini hudai mtu kwenye kila makutano. Kama wa kujitolea ni wachache na majirani wamekubali, mzunguko unatosha. Kama kuna hospitali katikati ya mtaa, chagueni njia ndefu inayoikwepa.