Uzoefu Wangu na Swichibodi ya Intaneti: Huduma Hupimwa Siku ya Matengenezo

Ninasimamia ofisi ya kampuni ndogo ya uwakala wa forodha iliyo kando ya Barabara ya Mombasa, hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi yetu hufanyika kwa simu: madereva walio njiani, mawakala wenzetu walioko bandarini, na wateja wanaotaka kujua kontena lao limefika wapi. Tulipoziacha laini za zamani na kuhamia simu zinazopitia intaneti, namba yetu ya 020 ilibaki ileile, lakini swichibodi yenyewe, yaani mfumo unaopokea simu na kuzigawa kwenye meza za ofisi, ikaenda kukaa kwenye seva za mtoa huduma, ng'ambo. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa sababu mengi ninayoyalalamikia nimeyasikia pia kwa majirani wa jengo letu wanaohudumiwa na kampuni nyingine.

Kuhusu sauti sina neno. Mazungumzo ambayo data yake ya sauti haikubanwa hutumia chini ya kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, kiasi ambacho faiba ya kawaida ya ofisi hukibeba bila shida, na maadamu sauti haicheleweshwi kupita milisekunde 150 kwenda upande mmoja, wanaozungumza hawahisi chochote. Matangazo ya watoa huduma husifu jambo hili hili, nami naliona dogo. Siku ambayo kila kitu kiko sawa, huduma zote hufanana. Hutofautiana pale seva inapozimwa ili iwekewe programu mpya.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa la saa. Seva zilizotuhudumia zilikuwa pwani ya mashariki ya Marekani, na ilani ya matengenezo ilieleza, kwa nia njema kabisa, kwamba kazi ingefanywa saa nane usiku, wakati ambao wateja wamelala. Wateja gani? Saa nane usiku ya huko, katika miezi yao ya joto, ni saa tatu asubuhi ya Nairobi, na wanaporudisha saa zao nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, inakuwa saa nne. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, kwa hiyo hata mtu aliyeandika saa ya matengenezo ukutani angejikuta amepishana nayo kwa saa nzima baada ya Novemba. Isitoshe, ilani hiyo ilitumwa kwa anwani ya mhasibu pekee, kwa kuwa ndiye anayelipa ankara, na mhasibu hakuwa na sababu ya kudhani kwamba habari za seva zinamhusu.

Baada ya kuandikiana sana walikubali kutuhamishia kwenye seva zao za Uingereza. Huko, saa nane usiku ni saa kumi au saa kumi na moja alfajiri kwetu, kutegemea majira yao, na ofisi ikifunguliwa mafundi wamekwisha kumaliza. Uhamisho huo ulipunguza pia ucheleweshaji wa sauti, ingawa bado naona ajabu kwamba dereva aliyeko Embakasi akitupigia, sauti yake hupitia nyaya za baharini zinazotua Mombasa, ikafika Ulaya, ndipo irudi kwenye meza iliyo karibu naye kiasi cha kwenda kwa miguu.

Tatizo la pili lilituchosha zaidi, maana halikuonekana. Simu ya mezani ya aina hii hujisajili kwa seva ili seva ijue mahali pa kuipelekea simu zinazoingia, na usajili huo huwa na muda wake. Katika simu nyingi ni sekunde 3600, yaani saa nzima. Seva ikiwashwa upya na kupoteza orodha yake ya usajili, simu haina habari. Taa yake ni ya kijani, jina la ofisi liko kwenye kioo, na ukiinua mkonga unasikia mlio wa kawaida. Ukipiga nje, inakwenda, kwa kuwa kila simu inayotoka hujitambulisha upya. Zinazoingia ndizo hazifiki: mteja anaambiwa hupatikani, na wewe umekaa mbele ya simu nzima ukidhani leo hakuna anayekuhitaji. Mpokezi wetu aliligundua jambo hili kwa sababu tu dereva mmoja, aliyekuwa amekwama kwenye lango la bohari ya makontena, aliamua kumpigia kwenye simu yake ya mkononi na kumuuliza kwa ukali kama ofisi imehama.

Fundi wa mtoa huduma alinipokea kwa adabu. "Madam, hebu jaribu kupiga namba yoyote," akasema. Nikapiga, ikaita. "Basi, kwetu huku kila kitu kiko sawa." Ilibidi nimwombe aipigie namba yetu yeye mwenyewe, nikiwa bado kwenye simu yangu ya mkononi, asikie alichokuwa akisikia mteja. Tangu hapo muda wa usajili umefupishwa hadi dakika tano, na katika mpangilio wa kila simu pameongezwa anwani ya seva ya pili, ili ya kwanza isipojibu simu iende kwa nyingine bila kuguswa na mtu. Ningependa haya yangekuwepo siku ya kwanza, kwa sababu hayagharimu chochote zaidi ya kujaza nafasi zilizokuwa wazi.

Kuna pia suala la mazungumzo yanayoendelea seva inapozimwa. Programu ya Asterisk, ambayo Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999 na ambayo swichibodi nyingi za intaneti zimejengwa juu yake, ina amri ya kuacha kupokea simu mpya na kusubiri zile zilizopo ziishe ndipo ijizime. Hakuna ugumu wowote wa kiufundi hapo, na fundi anayekata watu katikati ya sentensi amechagua kufanya hivyo. Mtoa huduma wetu sasa husubiri. Zamani hakuwa akisubiri, na sikumbuki ufafanuzi wowote niliowahi kupewa ulioniridhisha.

Masasisho ya simu zenyewe ni habari nyingine. Walizoea kuyatuma kwa simu zote kwa mpigo, na kila simu ikajizima na kujiwasha kwa wakati wake, huku ofisi nzima ikitazama vioo vyenye mstari unaotambaa. Hatari kubwa ni stima: ikipotea programu mpya ikiwa imeandikwa nusu, simu inaweza isiwake tena. Kwa ombi letu, sasisho sasa huanzia kwenye simu ya stoo, ambako likiharibu halimuumizi mtu, hukaa huko kwa siku kadhaa, kisha huenda kwa wengine, na meza ya mapokezi huwa ya mwisho. Kabla ya kukubali tarehe yoyote mimi husoma kwanza matangazo ya Kenya Power kuhusu maeneo yatakayokatiwa umeme kwa ajili ya matengenezo yao, nikahakikisha eneo letu halimo. Betri ya akiba tunayo, na nawashauri wanaonunua yao wakumbuke kuunganisha kile kisanduku kidogo cha faiba kilichoko ukutani. Ruta yenye umeme isiyo na faiba haisaidii kitu.

Si kila kosa ni la mtoa huduma wa simu. Safari moja ruta ya ofisi ilipokea sasisho lake, kutoka kwa kampuni tofauti kabisa, na mpangilio ambao mafundi huuita SIP ALG ukajiwasha tena. Kusudi lake ni kuzisaidia simu za intaneti kupita kwenye ruta, na hufanya hivyo kwa kubadilisha anwani zilizomo ndani ya ujumbe wa simu. Mara nyingi hubadilisha vibaya, na mtu mmoja anasikia huku mwenzake hasikii. Pande mbili zikalaumiana hadi jioni. Mpangilio huo ukazimwa, sauti ikarudi.

Huduma yenyewe bado ninaitumia, na nimetia saini mkataba mpya, ambao safari hii unataja saa za matengenezo kwa saa za Nairobi. Kinachonipa imani zaidi ni kwamba simu zinazoingia huelekezwa kwenye simu mbili za mkononi za ofisi pindi swichibodi isipojibu, na uelekezaji huo umewekwa kwenye mtandao unaoileta namba yetu, nje ya swichibodi. Ungewekwa ndani yake ungezimika pamoja nayo. Kila baada ya matengenezo, mpokezi huipigia namba yetu kutoka mitandao miwili tofauti ya simu za mkononi, akajaribu kuhamisha simu kutoka meza hadi meza, na kusikiliza kama ile sauti ya makaribisho bado ni yetu, maana iliwahi kurudi ya Kiingereza iliyokuja na mfumo.

Lalamiko ambalo halijatatuliwa ni la ripoti. Kazi ikiisha hutuletea mstari mmoja unaosema kwamba matengenezo yamekamilika, bila kueleza ni nini kilichobadilishwa, na nikiuliza naambiwa ni maboresho ya kawaida. Rekodi za mazungumzo ya wateja wetu ziko kwenye seva hizo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka sisi tujue zinahifadhiwa wapi na nani anazigusa. Nimewaandikia tena juma lililopita.