Nimeitazama Elizabeth (1998) pamoja na shangazi

Jumamosi usiku nilimwekea shangazi Elizabeth, ile ya mwaka 1998 ambayo Cate Blanchett ndiye malkia. Mimi ilikuwa mara yangu ya tatu, yeye ya kwanza. Ni filamu ya saa mbili na dakika kidogo, na hakusinzia hata mara moja.

Inaanza kwa kunyoa. Waprotestanti watatu wananyolewa vichwa kwa nguvu hadi damu inachuruzika, kisha wanachomwa moto wakiwa hai. Ndiyo Uingereza ya Malkia Mary, Mkatoliki, ambaye utawala wake wa miaka mitano ulichoma watu wapatao 280. Shangazi alijifunika uso kwa kanga. "Mwanangu, hii ndiyo filamu ya malkia uliyoniahidi?" Nikamwambia vumilia shangazi, mwenyewe anakuja. Akaja: binti anacheza na wenzake uwandani, nywele nyekundu zimemwagika mabegani. Mwaka 1558 dada yake, yule Mary, akafa, naye akakabidhiwa nchi akiwa na miaka 25.

Ninachokipenda zaidi ni pale anapojifunza hotuba. Yuko peke yake na nguo ya kulalia, anayajaribu maneno atakayowaambia maaskofu wasiomtaka, kabla hawajapiga kura juu ya sheria yake ya kanisa. Anakwama, anarudia, anajikasirikia, anaanza upya. Blanchett hapo ananitoa machozi kila mara. Kura yenyewe haikuwa mchezo: mwaka 1559 sheria hiyo, ya kuwataka Waingereza wote wafuate ibada moja, ilipita kwa mabwana wa bunge kwa kura 21 dhidi ya 18.

Na macho yanashiba. Mwongozaji Shekhar Kapur, Mhindi, amelifanya kanisa kuu la Durham kuwa jumba la kifalme, nguzo zake nene zikiwa gizani. Mara nyingi kamera inamchungulia malkia kutoka juu, nami nikajikuta nageuza shingo kutafuta ni nani anayempeleleza.

Ila chumvi ni nyingi, na hili linaniudhi kweli. Filamu inamwonyesha Robert Dudley, mpenzi wa malkia, akimficha Elizabeth ndoa yake, halafu anageuka msaliti. Si hivyo. Dudley alimwoa Amy Robsart mwaka 1550, Elizabeth akijua, na hakuwahi kumsaliti malkia wake. William Cecil, mshauri wa malkia, naye anastaafishwa kama mzee aliyechoka, wakati mtu huyo alimtumikia hadi kifo chake mwaka 1598. Ukitaka historia, tafuta kitabu.

Pia angalieni mnakokodi. Nakala niliyolipia mimi, maandishi ya chini yalichelewa kwa sentensi nzima, ikabidi nimtafsirie shangazi mwenyewe.

Mwishoni Elizabeth anakatwa nywele. Kat Ashley, mhudumu wake, anashika mkasi huku analia, mafungu mekundu yanaanguka sakafuni. Kisha uso unapakwa rangi nyeupe kama chokaa. Oscar moja waliyopata kati ya saba walizowania ilikuwa ya upambaji huo. Anatoka mbele ya watu, anatangaza kwamba ameolewa na Uingereza. Mwanamke huyu alitawala miaka 44 bila mume.

Shangazi akaitoa kanga usoni. "Kwetu mwanamke ananyolewa akifiwa. Huyu kafiwa na nani?"

Sikumjibu. Akaniomba nirudishe nyuma, pale mkasi unapoanza.